Maelezo ya Shahidi Kuhusu Kiapo Kilicholiwa Mbele ya Nakala ya Ikoni

Kituo cha Polisi cha Wilaya, Svaneti, Georgia.
Jina: Aslamaz Naveriani. Umri: miaka 63. Kazi: mkulima na mtunza ufunguo wa kanisa la Malaika Mkuu. Makazi: kijiji cha Tsvilani.

Mimi niliyetajwa hapo juu, nikiwa na akili timamu, naeleza kama ifuatavyo.

Ikoni ya kanisa letu, picha takatifu ya Malaika Mkuu, ilifuliwa kwa fedha na dhahabu na sonara wa karne ya kumi na moja. Mbele yake ndipo watu wetu huapa, na aapaye uongo, ukoo wake hufutika. Mwaka jana watu wa makumbusho waliichukua ili ihifadhiwe, wakatupatia nakala ya bati, nasi tukaiweka mahali pale pale.

Mnamo tarehe 6 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, nilimfungulia kanisa Mushni Khorguani. Mjane Dzabuli, aliyekuja naye, alimtuhumu kwamba anajua alipo mwanawe Jansug, aliyepanda na Mushni mlimani kuwinda mwezi Agosti asirudi. Mama huyo hakutaka kisasi. Alitaka mwili wa kuzika.

Mushni alicheka mlangoni: "Mzee Aslamaz, lete hata kumi za bati hili. Nitaapa mpaka chakula kiive."

Akaweka mkono juu ya ikoni, akaapa kwamba waliachana darajani, Jansug akiwa mzima.

Dzabuli akamwambia kwa upole, "Umeapa, mwanangu. Basi ujue: hiyo ndiyo yenyewe. Wameirudisha jana."

"Acha utani, mama."

"Wanao hawajambo nyumbani?"

Mushni akanigeukia. "Mzee, sema basi. Si ndiyo ile ya bati?"

Mwenye ufunguo ni mimi. Nilinyamaza.

Aliutazama mkono wake kana kwamba si wake. Kisha akapiga magoti. "Tuligombana, nikamsukuma. Yuko kwenye ufa wa barafu, juu ya mazizi ya kiangazi. Mama, niondolee kiapo hiki."

Kesho yake askari waliukuta mwili wa Jansug ufani huko huko, naye akazikwa.

Natamka bayana kwamba ikoni halisi haijatoka makumbusho hata siku moja.

Tangu mazishi, Dzabuli huishia kizingitini mwa kanisa. Jumapili aliniuliza, "Na mimi nilisema uongo mbele yake. Kwani ya bandia nayo inasikia?" Siku hizi nikiifuta vumbi, hufumba macho.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, nami nayathibitisha kwa sahihi yangu, si kwa kiapo.

(Sahihi) A. Naveriani

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi haya yote, akayakubali. Mahali nilipoandika "sikujibu kwa kuwa sikusikia swali," alinitaka nikate, niandike "nilinyamaza."
Inspekta B. Chkhetiani