Jina la Thelathini na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Mwenyekiti wa kamati amekuja karakanani na tai yake ileile ya mazishi. Ameleta orodha. Majina thelathini na moja, tuyadarizi kwa uzi mweupe kwenye mahameli nyeusi, yatundikwe ukumbini siku ya kuwakumbuka waliokufa kwenye ajali ya treni. Miaka mitatu sasa! Nikaipitia orodha juu mpaka chini. Mume wangu hayumo. Siku ile walikufa watu thelathini na wawili, na dereva naye alikuwa na roho. Nikamuuliza Mwenyekiti. Akasema hiyo ni orodha ya marehemu, si ya aliyewaua. Mbele yangu, macho makavu! Kisha akaomba maji ya kunywa. Nikampa. Yaliyolala ndooni tangu Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi
Bosi ameniachia kazi yote — anasema mkono wangu ndio mzuri. Mkono tu. Tangu ajali tunaongea habari za nyuzi na mikasi, basi. Mdogo wake wa kiume ni wa tisa kwenye orodha. Amenitandikia kitambaa mezani na kunionya nisikosee hata herufi: mahameli ikishapita sindano alama haitoki, hata uipige pasi ya mvuke mpaka iungue. Miaka kumi na minne nashona, leo nafundishwa mahameli! Nikatunga uzi kwenye sindano.

Ijumaa, 7 Machi
Majina kumi na mawili. Leo nimemshona mdogo wake Bosi. Nilimjua. Alikuwa akija jioni kumchukua dada yake, ananitania kwamba miwani yangu nimeiba kwa bibi yake. Kwake nilienda taratibu. Wengine wote kwenye orodha hii nawachukia, isipokuwa yeye na wale watoto wawili. Mungu anisamehe. Asiponisamehe, shauri yake.

Jumanne, 11 Machi
Mama mkwe alikuja. Kaburi la mwanawe wamelitupia taka tena, ametoka kulisafisha. Akaniomba nimtie na yeye kwenye kitambaa, hata kwa herufi za sisimizi. Nikamwambia, "Mama, na kama kweli aliipita ile taa nyekundu?" Akajifunga khanga yake upya, akaondoka.
Sijui kama aliipita. Ripoti inasema aliipita. Ripoti haisemi kwamba ilikuwa zamu yake ya tatu mfululizo. Nilimwambia asiende! Akacheka, akavaa viatu. Hasira zangu za kwanza ni kwake yeye — hao wengine wanakula makombo.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemtia. Chini kabisa, wa thelathini na mbili. Herufi sawasawa na za wenzake. Si za sisimizi!

Jumamosi, 15 Machi
Limefumuliwa. Nimefika asubuhi, jina halipo. Bosi amekaa kwenye stuli yake, nyuzi nyeupe zimemjaa kwenye sketi, wembe bado uko mkononi. Sikusalimia. Nikamuuliza nini kimemuwasha.
"Umemlaza kitambaa kimoja na mdogo wangu!"
"Walilala reli moja. Mbona hukwenda kuwatenganisha?"
Akanifukuza kazi. Nikamwambia nilishaondoka zamani, yeye tu hakuona. Akaanza kulia bila sauti. Na mimi nililia, lakini si pamoja naye. Kisha akainuka akapiga pasi pale chini, mvuke umejaa chumba. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Sikumsaidia.

Jumapili, 16 Machi
Naandika chooni, hapa hapa ukumbini. Nimefunga komeo.
Pazia limefunguliwa. Wamekitundika kitambaa karibu na dirisha, jua linakipiga ubavuni — na pale chini, bila uzi, jina la mume wangu linasomeka herufi kwa herufi! Safu nzima ya mbele wameliona. Minong'ono. Mwenyekiti akageuka kunitafuta. Nikajifanya hamnazo, kisha nikashindwa, nikala kona. Mimi niliyekuwa na mdomo wiki mbili nzima! Mama mkwe hakunifuata. Nimemwacha kwenye kiti chake, mgongo wima, anakitazama kitambaa.
Bosi ndiye msomaji. Kila jina, kengele moja. Ukuta huu mwembamba, nasikia yote. La tisa sauti ilimkatika. Akaendelea.
Ishirini na sita. Mtu anagonga mlango wa choo. Agonge!
Thelathini.
Thelathini na moja. Kengele.
Sasa kwaya ilitakiwa ianze. Mwenyekiti anasema tusimame. Anasema tena. Sisikii hata kiti kimoja kikisogea. Bosi hajatoka kwenye maiki — namsikia anavuta pumzi, kama alivyovuta kabla ya kila jina.