Masanduku Matatu ya Fundi Theonest

Mama mshauri wetu, salamu. Shikamoo kama umenizidi, na kama nimekuzidi mimi basi itikia tu moyoni. Naomba unisaidie, nimekwama, na aibu nimeipata.

Mimi ni seremala wa hapa Ushirombo, kazi nimeifanya miaka thelathini, madawati ya shule ya misheni ni yangu, na wakati wa vita vya pili vya dunia nilikuwa mgodini Geita nikichonga magogo ya kuegemezea mashimo, sasa macho yameingia ukungu na mke wangu magoti yamemchoka, kwa hiyo binti yetu Generosa, aliyeolewa Masumbwe, amesema wazee njooni, ametupa chumba kimoja, nasi hapa tuna nyumba ya vyumba vinne na banda la kazi, na lori la pamba litakalotubeba linapita Jumamosi ya wiki ijayo. Vyombo vyangu vimejaa masanduku matatu. Kuna randa tano, misumeno minne, patasi sijui ngapi, keekee, tezo, na jiliwa ya chuma ya kubania mbao, ambayo watu wawili huinyanyua kwa taabu. Chumba kile kikiingia kitanda na sanduku moja kimejaa.

Nikasema nigawe. Jumatatu nikampelekea jirani yangu Cornel, niliyemfundisha kazi mwenyewe, randa ndefu na msumeno, nikamwambia, "Chukua, mimi basi tena." Mama wee, yule mtu alinitazama machozi yakamlengalenga! Unajua kwetu vyombo vya fundi hugawanywa siku ya kuondoa matanga yake, nami sikulifikiria hilo hata kidogo, na kabla jua halijatua ua wangu umejaa watu, mkewe Cornel kaleta uji wa mgonjwa, katekista kaja kuniuliza kama nataka padre, na mimi nimesimama mzima nimeshika ufagio! Cornel akarudisha vyote, akasema, "Nisamehe fundi, siwezi kupokea urithi wako nawe unapumua." Tangu siku hiyo hakuna anayegusa hata msumari wangu.

Mke wangu yeye hana neno, ni mwema sana, amesema jiwe lake la kusagia na vyungu vyake vikubwa ataviacha ili sanduku langu la pili lipate nafasi kwenye lori. Kuuza siwezi, mkono unakataa. Nikimwona mtu nisiyemjua ameishika randa ile nitajiona nimekwisha kweli. Nifanyeje, mama?

Ni mimi, fundi Theonest, Ushirombo.

*

Marahaba, fundi. Nadhani nimekuzidi.

Pole sana. Kuiaga kazi ya miaka thelathini si mchezo, na ukitaka kulia, lia, hakuna atakayekucheka. Kwa ule ufagio nilicheka, nisamehe. Nilipoisoma barua mara ya pili sikucheka tena. Randa umenihesabia, misumeno umenihesabia, halafu mke wako ukampa mistari miwili mwishoni, eti hana neno! Wewe Theonest! Mwanamke anayeliacha jiwe alilosagia uji wa watoto wake wote ana neno, tena kubwa, amelimeza tu kwa sababu anakupenda na ameona unavyohangaika. Unataka aingie kwa binti yake mikono mitupu, akae mkono shavuni akingoja kupakuliwa kama mgeni?

Sasa nisikilize. Mwite Cornel, usimpelekee kitu. Mwambie una kazi, macho hayakutoshi, unataka mkono wake. Mkeo hawezi tena kupiga magoti kusaga, sivyo? Basi mtengenezeeni meza nene ya mninga, jiwe likae juu, asage amesimama. Cornel arande, wewe keti pembeni umkaripie kama zamani. Mkimaliza mwambie, "Randa hiyo imekuzoea, kaa nayo, ila nikiikuta butu tutagombana." Hapo hakuna matanga wala urithi, kuna fundi na mwanafunzi wake, na ua mzima umekuona unafoka. Wengine uliowafundisha wafanyie hivyo hivyo, kila mmoja na chombo alichoshika.

Jiliwa, na vingine vizito, peleka shule ya misheni, maana madawati yako nayo yanazeeka. Sema mbele ya walimu kwamba Krismasi utakuja kuikagua. Anayejiandaa kufa hapangi ukaguzi. Wewe beba sanduku moja tu: randa ndogo, nyundo, msumeno mmoja, na patasi zile unazozipenda. Masumbwe nako viti vinavunjika. Nafasi ya sanduku la pili kwenye lori ni ya jiwe na meza yake, na kwa Generosa vikae barazani, havitamsumbua mtu.

Lakini yote hayo ni ya kesho. Leo, ukishaikunja barua hii, nenda jikoni ukaketi na mama Generosa. Masanduku usiyataje. Mwulize yeye angependa kubeba nini, kisha unyamaze mpaka amalize. Akichelewa kujibu usimkatize, fundi. Nadhani hajawahi kuulizwa.

Mama Anisia