Miaka Nilimudanganya Munganga

Bunia, siku ya tatu ya masasi ya bunduki, mangaribi

Ni ile sabuni iliniponza. Munganga alikuwa anatafuta watu wazima wenye afya, wasiopita miaka soixante, ni kusema sitini, awapime mishipa ya fahamu, na kila mutu apewe kipande cha sabuni. Nikasema niko na cinquante-huit, hamsini na nane. Karatasi zangu ziliungua na nyumba kule Nizi, nani atabisha?

«Papa, na hizi mvi?»

«Ni vita, munganga. Juzi zilikuwa nyeusi.»

Akacheka. Akaloweka mukono wangu mu maji ya moto, akanipiga umeme kidogo, kidole gumba kikaruka sawa panzi. Akaandika namba ya mbio ya mushipa.

Nikauliza namba hiyo ni ya kazi gani.

«Nitalinganisha nayo wagonjwa. Kesho kutwa nitapima binti yako Furaha, ule mukono walikata na panga. Mushipa wake ukikimbia sawa yenu wazima, nitauacha. Ukienda polepole, nitapasua niushone. Ya wazee inaenda polepole, ndiyo maana siwataki.»

Nikachukua sabuni yangu, nikatoka.

Mushipa wangu wa miaka soixante-quatorze, sabini na ine, umeandikwa kati ya vijana. Munganga atatazama namba yangu, ataona mushipa wa Furaha unakimbia sawa yangu, atasema ni muzima, atamurudisha nyumbani na mukono uliokufa. Na ni mimi...

Kesho asubui, kama masasi yatanyamaza, nitaenda kumwambia munganga miaka yangu ya kweli. Sabuni siwezi kurudisha. Furaha ameisha kunifulia nayo nguo, kwa mukono mumoja.