Sahihi ya Mwenye Laini

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu tangu walipokuhamishia upande wa kupanga matofali. Huku nyumbani miili yetu ni mizima. Mama anashona kama kawaida, mvua imeacha kuvuja pale juu ya kabati, na matokeo yangu ya mtihani bado hayajatoka, kwa hiyo usianze kuwa na wasiwasi juu ya hilo.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu, mimi ambaye ukipiga simu husema "ndiyo" mbili na "hapana" moja kisha nampa Mama. Wewe mwenyewe uliwahi kusema kuongea na mimi ni kama kuongea na ukuta uliopigwa rangi vizuri. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama, Baba, kwa hiyo leo nitasema mengi. Dereva wa lori la saruji amekubali kukuletea bahasha hii mkononi na kukungoja siku mbili. Ndani yake utaona fomu. Nakuomba usiiguse kwanza. Soma hadi mwisho, ndipo ushike kalamu.

Habari ya pesa ulizotutumia za ovaloki, ile mashine ya kupindia kingo za nguo, ulishaipata kwa Baba Mdogo. Alikupigia jioni ile ile, akakwambia Mama amedanganywa kwa simu na pesa zote za mashine zimekwenda. Ulimjibu kwamba kuanzia sasa matumizi ya nyumba yatapitia kwake, kwa sababu mke wako hajui kutunza hata shilingi. Sijui kama ulitaka maneno hayo yamfikie Mama vile yalivyo. Yalimfikia. Baba Mdogo aliyasema pale mlangoni, mbele ya mteja aliyekuja kupimisha sketi. Mama alikuwa amepiga magoti na pini mdomoni, hakuweza kujibu. Alipozitoa, akamuuliza mteja kama anataka sketi iishie gotini au ipite kidogo. Tangu siku hiyo amekupigia simu kila asubuhi kabla ya kufungua duka, na wewe hupokei. Leo ni siku ya kumi na tisa.

Mimi sikuweza kukaa tu. Kesho yake nilikwenda kwa yule wakala wa pale kona tunayemwita Chenji Hakuna. Alisoma ujumbe kwenye simu ya Mama, akasema pesa zimekwenda kwenye laini ya mtu wa kawaida, si ya wakala, na mtu kama huyo hawezi kutoa kiasi chote hicho kwa siku moja kwa sababu kuna kikomo. Akaniambia nikimbie ofisi ya kampuni ya simu kabla mwizi hajamaliza. Halafu akaniomba nimwachie mia mbili kwa ushauri. Nilimwambia sina chenji. Alicheka mwenyewe.

Ofisi ile ina mlango wa kioo na baridi ya friji. Unachukua kikaratasi chenye namba, unakaa kwenye viti vya chuma hadi uitwe. Nilikuwa wa arobaini na moja. Nilipoitwa nilisogea dirishani, na mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa mnyororo akaniuliza anisaidie nini. Baba, nilishindwa. Watu walikuwa nyuma yangu, nikamuuliza saa ngapi. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa chake. Akanitajia saa, nikamshukuru, nikaondoka. Nje nilijichukia sana.

Siku iliyofuata nilirudi nikiwa nimeandika kila kitu kwenye daftari. Nilimsukumia daftari chini ya kioo. Mama Miwani alilisoma lote, mpaka mahali nilipokata maneno, kisha akaniuliza laini ni ya nani. Nikasema ya Mama. Akaangalia kompyuta, akasema hapana, ni ya mwanamume. Ndipo nikakumbuka kwamba uliinunua wewe kabla hujasafiri, ukaisajili kwa kitambulisho chako kwa sababu cha Mama kilikuwa hakijatoka. Miaka saba Mama ametumia laini ile, wateja wote wanaijua kuwa yake, kumbe pale ofisini yeye hayupo. Mama Miwani akasema aje mwenye laini, na aje na karatasi ya polisi.

Kule polisi, askari aliniuliza kama nimetumwa au nimejituma. Nikasema nimejituma. Akacheka, akasema hizo pesa zimeshaliwa na zimeshasahaulika, nirudi kesho. Nikamwambia nitangoja. Akasema benchi lile si la kungojea kesho. Nilikaa hapo hapo tangu asubuhi mpaka walipobadilishana zamu. Yule wa zamu ya mchana aliponiona bado nimekaa, alichukua kalamu akaandika taarifa na kunipa karatasi yenye mhuri. Nadhani alitaka mahali pa kuweka mkoba wake.

Nikarudi na karatasi. Mama Miwani akaisoma, akarudia yale yale, aje mwenye laini. Namba ya mtu mwingine ikaitwa. Sikusogea. Bwana mmoja nyuma yangu akasema, "Binti, wenzako tuna kazi." Sijui nilitoa wapi sauti, lakini nilimgeukia nikamwambia mama yangu pia ana kazi, na mashine ya kazi yake imekwama ndani ya kompyuta ile. Mlinzi akaja. Nilishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, kama mtoto anayekataa kunyolewa. Machozi yalikuwa yananitoka, lakini mikono haikuachia. Nikasema siondoki mpaka mtu anitazamie tu kama pesa bado zipo.

Mama Miwani alivua miwani yake, akamwambia mlinzi aniache. Akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwizi aliwahi kutoa mara moja tu. Mtu mwingine aliyeibiwa naye alikuwa ameshalalamika, laini ile ikafungwa asubuhi iliyofuata wizi wetu. Zaidi ya nusu ya pesa zetu imelala humo humo. Itarudishwa kwa fomu yenye sahihi ya mwenye laini na nakala ya kitambulisho chake, ndani ya siku thelathini tangu laini ilipofungwa. Zikipita, itabidi twende mahakamani. Akanipa fomu, akaninong'oneza nisimwambie mtu kwamba kwenye ofisi hii ukilia unahudumiwa.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Mama alikaa juu ya rundo la vitambaa akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akaitazama simu, kwa sababu sote wawili tulikumbuka kwamba mwenye laini hapokei simu.

Baba Mdogo aliposikia alikuja mbio. Alisema nimpe fomu, yeye atakufikishia, na mahali pa kurudishia pesa tuandike laini yake. Nikamwambia hapana. Aliniuliza tangu lini nina mdomo. Nikamjibu tangu juzi. Aliondoka akisema atakushtakia kwamba mwanao amekosa adabu. Atakapokushtakia, ujue ni kweli, nilimjibu hivyo hivyo, na fomu sikumpa.

Sasa Baba, nifike pale ambapo barua hii ilikuwa inakwenda tangu mwanzo.

Mama hakudanganywa na mtu. Siku ile alikuwa amekwenda kununua zipu na vifungo, simu aliniachia mimi. Ilipoita nilijua ni lazima nipokee, pengine ni mteja. Ilikuwa sauti ya mzee. Mimi nilimwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba, binti yangu, mama hajambo? Alisema anatoka kampuni ya simu, laini yetu inafungwa jioni ile, na yeye anajaribu kutuokoa. Ukaingia ujumbe wenye tarakimu sita, akaniomba nimsomee. Niliona hilo si sawa. Nikasema labda tumsubiri Mama. Akasema kwa huzuni kwamba watoto wa siku hizi hawaamini wazee, yeye ana mjukuu wa umri wangu. Niliona aibu. Kumkatia simu mtu mzima sijawahi maishani mwangu, na sikujua mtu anafanyaje. Nikamsomea tarakimu. Alipoomba namba ya siri nikampa pia, kwa sababu mimi ndiye humbonyezea Mama anapokuwa na kitambaa mikononi. Mwisho nilimwambia asante. Baba, mwizi aliondoka na jasho lako la mwaka mzima, na mimi nikamwambia asante.

Jioni Baba Mdogo alipouliza nani alikuwa na simu, nilifungua mdomo. Mama aliniwahi. Akasema, mimi. Usiku aliniambia kwamba yeye ameshazoea maneno, mimi ndio kwanza natoka shuleni, doa kama hilo lisinifuate. Akaniapisha nisikwambie. Nimevunja kiapo changu kwa Mama, naye hajui. Nimefikiri sana nikaona ni afadhali mimi niitwe mwongo kuliko Mama kuitwa mjinga kwa kosa ambalo hakulifanya. Adhabu yangu nipe, nitaipokea. Lakini sitakubali tena kusimama pembeni na kuangalia akiibeba yeye.

Yule mzee alipiga tena Jumatatu, kwa namba nyingine. Safari hii alitoka "kitengo cha kurejesha pesa zilizoibiwa", na alitaka ada ndogo ya kufungua faili. Sauti ilikuwa ile ile, na mjukuu wa umri wangu alikuwepo vile vile. Nilimwacha aongee huku naandika namba yake kwenye ukosi wa shati la mteja kwa chaki, kwa kuwa karatasi haikuwa karibu. Kisha nikamwambia kwamba sauti yake naijua, namba yake naipeleka polisi, na kule kuna benchi nimeshalizoea. Nikamkatia simu. Nilikaa nikiitazama simu kama nimempiga mtu kofi. Mama akauliza ni nani. Nikasema ni mtu amekosea namba. Kisha nikamwomba asilifute lile shati kwanza.

Sasa chukua fomu. Zimebaki siku kumi na moja. Mahali pa sahihi nimeweka alama ya penseli, utaifuta baada ya kusaini. Nakala ya kitambulisho dereva atakupeleka mahali pa kuitoa. Kitambulisho cha Mama kilishatoka, na juzi nilimpeleka akasajili laini yake mwenyewe, ya jina lake. Katika mstari wa pesa zirudishwe wapi nimeshaandika namba hiyo. Nimeiandika kwa wino. Ukitaka kuweka nyingine itabidi uikate, na Mama Miwani amenieleza vizuri kwamba fomu yenye mkato haipokelewi.

Najua hivi sivyo mtoto anavyomwandikia baba yake. Nakupenda, nakuombea afya na kazi isiyokuumiza, na nakungoja mwisho wa mwaka kwa hamu. Wenzako unaolala nao chumba kimoja wape salamu zangu. Salamu za Mama hazimo humu kwa sababu hajui kama nimeandika. Yeye hukupigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Namba itakuwa ngeni kwako. Ni ile iliyo kwenye fomu. Pokea.

Ni mimi binti yako,
niliyetoa namba ya siri.