Siku Uliponinyang'anya Kitabu cha Mama Mfua Nguo

Dada yangu mpendwa Kabula,

Shikamoo. Barua hii imeandikwa na mtu mkubwa, sijui kama habari zangu zimeshafika huko Nansio. Kuanzia Kisesa hadi Magu, ukiuliza ni nani aliyefuta ujinga, utaonyeshwa nyumba yangu. Mwezi uliopita alipita mkubwa mmoja wa wilaya, akashuka garini, akanishika mkono muda mrefu kuliko alivyomshika katibu wa kijiji. Katibu alinuna siku mbili. Na wewe unajua kwamba mimi shule niliishia darasa la tano. La sita nililichungulia dirishani tu.

Nimeshika kalamu kwa sababu mtoto wa Limi, yule mkwe wa Balozi Maganga, ameanza darasa la kwanza. Kaptura yake imepita magoti, ameshonewa kubwa aikulie. Nilipomwona amesimama kwenye mstari na wenzake nilikukumbuka wewe hadi nikatafuta mahali pa kukaa.

Unalikumbuka banda la kununulia pamba? Alasiri, kwenye kisomo cha watu wazima, mlikuwa mnakaa juu ya magunia matupu, kina mama ishirini, mnasoma kitabu kile kile kila siku: pamba ni mali, palilia pamba, nyunyizia pamba dawa. Hata mwalimu wetu, yule Mhaya mpole, alikuwa akipiga miayo. Ndipo aliponipa riwaya yake ya zamani, ya mapinduzi ya nchi moja ya baridi, akasema nisome kwa sauti dakika za mwisho ili watu wasitoroke. Alinichagua mimi kwa ajili ya sauti. Sauti yangu ilikuwa inasikika hadi ziwani, wavuvi wanageuza mitumbwi.

Wote mlimpenda yule mwanamke wa kitabuni. Jina lake lilitushinda kulitamka, tukamwita Mama Mfua Nguo. Alikuwa akifua nguo za mabwana, na bwana mmoja akaamuru mumewe achapwe hadi kufa kwa sababu ya shati lililopotea. Mapinduzi yalipokuja, mabwana wakakimbia wamejipaka matope kama wakulima. Mama Mfua Nguo akasimama kwenye lango la mji, anageuza kola za watu. "Hii niliifua mimi," anasema, na mtu anachukuliwa. Mlipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakaruka. Mwalimu akajaribu kueleza kwamba huyo mama ni mbaya, kwamba kisasi si mapinduzi. Mama Ngollo akamuuliza kama yeye amewahi kufua shati la mtu aliyemuulia mume. Mwalimu akafuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Kisha kitabu kikawa kizito. Mabwana wakaisha, akabaki mjukuu wa yule bwana, mtoto mchanga, amefichwa. Mama Mfua Nguo akaanza kumtafuta nyumba kwa nyumba. Vigelegele vikapungua. Wewe tu, dada, uliyekuwa hupigi tangu mwanzo, ndiye uliyekuwa ukiniuliza kila nikifunga kitabu: "Amempata?"

Wote tulijua kwa nini unauliza. Siku ya operesheni ya vijiji, mgambo walipokuja kutuhamishia kwenye kijiji kipya, ulikuwa unasonga ugali. Wakaanza kung'oa nyasi za paa juu ya kichwa chako, vumbi likaingia chunguni. Kihenge kilikuwa kimejaa mtama, wakakiacha wazi na mvua ipo juu. Kaburi la shemeji likabaki nyuma, nyuma ya nyumba isiyokuwepo tena. Maganga, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa amesimama pale na karatasi ya majina, anasema ni amri, si yeye. Hukupiga kelele. Uliipua ugali, ukaufunika, ukamwambia: "Mkono huu umewapokea watoto wako wanne, Maganga. Mwingine wa ukoo wako hautampokea."

Ukayashika maneno hayo. Kijiji kizima kilikuwa na mkunga mmoja, na mkunga huyo alikuwa wewe. Tumbo la Limi, mke wa mwana wa Maganga, likawa linakua, na kila mama aliyekuja kukubembeleza ulimwambia mikono imezeeka. Wiki hiyo hiyo mtoto wa Mama Ngollo aliteleza mikononi mwako salama, kwa hiyo hakuna aliyeamini habari ya uzee.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imekata barabara ya Kisesa, zahanati haifikiki. Zilibaki karatasi tatu kitabu kiishe. Nikiwa nimefungua mdomo, Balozi akaingia bandani, amelowa, kofia mkononi. Akasema Limi anaumwa tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Hakusema na wewe, alisema na magunia. Hukumtazama. Ulinitazama mimi.

"Soma," ukasema.

Dada, mimi nimepambana na kiboko pale Magu kwa kasia tupu, hilo watu wanalijua, lakini siku ile ningemchagua kiboko. Karatasi hizo nilikuwa nimezisoma jana yake nyumbani. Kitabu kilisema Mama Mfua Nguo anampata mtoto na kumkabidhi kwa askari. Kina mama ishirini walinikodolea macho, Balozi anadondosha maji sakafuni. Nikakohoa. Nikasoma, macho yakiwa kwenye karatasi, kwamba Mama Mfua Nguo alimkuta mtoto ndani ya kapu la nguo chafu. Akamgeuza huku na huku, akaitafuta kola, asiione, maana alikuwa amefungwa kitambaa kikuukuu tu. Akasema, huyu hana nguo niliyoifua mimi, sina kesi naye. Akachota maji, akamwogesha.

Ukaniuliza kama ndivyo palivyoandikwa. Nikasema ndivyo, neno kwa neno.

Ukanyoosha mkono, ukakichukua kitabu. Nilikuwa nimesahau kwamba wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza darasani. Ukaweka kidole kwenye mstari, midomo ikawa inacheza, polepole, silabi kwa silabi. Nilikiona kidole chako kikifika pale. Kikasimama. Kikarudi, kikasoma tena. Nilitamani ardhi ipasuke, na Balozi atangulie kuingia.

Ukakifunga. "Mdogo wangu," ukasema, "wewe ni mwongo tangu ukiwa mgongoni kwa mama."

Kisha ukasimama, ukakaza khanga kiunoni, ukamwambia Maganga bila kumwangalia: "Tangulia ukachemshe maji. Na usinisemeshe njiani."

Hakukusemesha. Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama, analia kama mnada. Wakampa jina la babu yake, ingawa mimi nilikuwa nimeshawadokeza langu mara mbili.

Watu wananisifu hadi leo kwamba kinywa changu ndicho kilichomwokoa yule mtoto, nami sikatai, sifa haikataliwi ovyo. Lakini wewe na mimi tunajua. Ulikisoma kitabu chenyewe, ukamwona yule mama anavyofanya, na bado ukaenda kumpokea mtoto. Tangu uvuke kwenda kukaa na binti yako huko kisiwani, banda lile wameweka mbolea. Nikipita nasikia kimya chako cha siku ile, kisha nacheka peke yangu, watu wanadhani nimekunywa. Nimekukosa, dada. Hakuna tena wa kuniita mwongo kwa upendo. Wanaoniita sasa wanamaanisha.

Wasalimie wapwa zangu, waambie mjomba wao bado anatisha. Meli ikitulia nitavuka na kilo mbili za mchele wa Magu, au moja.

Kwa kuwa sasa unasoma mwenyewe na hakuna atakayekurukia mistari, nimalizie na hili. Siku zote nimekuambia kwamba siku ya operesheni nilikuwa Mwanza mjini nikifuatilia mbegu za ushirika. Sikwenda Mwanza. Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mihogo ya jirani, hatua chache kutoka jikoni kwako, nikiogopa mgambo wasije wakaniona wakanipa shoka nami nibomoe. Nilikaa humo hadi ulipoipua ugali, na hata baadaye.

Ni mimi,
mdogo wako, mjomba wa wanao.