Kikao Kuhusu Vidonge vya Mzee Bigirimana na Chungu cha Pamoja

USHIRIKA WA WALIMA MBOGA WA BONDENI, GAHANGA
Kikao cha dharura, Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, sebuleni kwa Mama Donatille

Waliohudhuria:
Mzee Melchior – Mwenyekiti
Mama Donatille – Mweka Hazina
Bwana Ngabo – Mjumbe
Mzee Bigirimana – Mjumbe (mgonjwa)
Annick, binti yake – Mwalikwa
Umuhoza – Katibu

Hakuhudhuria: Bwana Régis. Yuko harusini Ndera. Alituma salamu, hakutuma udhuru.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri kwa sala fupi. Mama Donatille aliomba iandikwe kwamba haikuwa fupi.

KUMB. NA. 2/2025: TAARIFA YA UGONJWA
Annick alieleza kwamba baba yake alitibiwa kifua kikuu kwa miezi bila nafuu, kwa kuwa kikohozi, homa na kukonda vilifanana nacho. Daktari mwingine alipouliza kazi yake, akaambiwa hupalilia topeni bila viatu, aliagiza makohozi yaoteshwe maabarani. Walionekana bakteria wa udongoni. Ugonjwa huo ni nadra, unaitwa melioidosisi. Mzee alilazwa akatiwa dawa kwa mshipa; sasa imebaki miezi mitatu ya vidonge. Akiacha, ugonjwa unaweza kurudi na kumwua.

Bwana Ngabo aliuliza kama unaambukiza. Annick alijibu kwamba hutoka kwenye udongo na maji. Mtu kumpa mtu ni nadra sana. Wajumbe waligeuka kutazama dirisha, kwa sababu tangu Pasaka, wakati wengine wakinywa humu bia ya mtama katika chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, Mzee Bigirimana amekuwa akiwekewa kikombe nje ya dirisha.

KUMB. NA. 3/2025: KUKATAA VIDONGE
Annick alisema baba yake hajameza kidonge tangu Alhamisi. Mzee Bigirimana alipoulizwa sababu alijibu, "Mapafu yamepona. Kinachoniumiza ni lile dirisha."

Mama Donatille alisema dirisha lina hewa nzuri.

"Basi kaa wewe, dada," alijibu Mzee Bigirimana.

Mwenyekiti aliomba utulivu. Mzee Bigirimana alisema atameza vidonge siku mrija wake utakaporudi chunguni. Annick alieleza kwamba daktari amekataza pombe mpaka dawa ziishe. Bwana Ngabo alipendekeza mzee atie mrija lakini asivute. "Mimi sanamu?" aliuliza Mzee. Pendekezo halikuungwa mkono.

Katibu alipendekeza chungu kiwe cha ubushera, kinywaji cha mtama kisicholevya, kwa wajumbe wote, hadi vidonge viishe. Aliombwa arudie kwa sauti. Alirudia. Bwana Ngabo alisema watoto wa siku hizi hawana huruma. Mwenyekiti alikumbusha kwamba Krismasi iko katikati. Annick alimwuliza kama angependelea kunywa matangani.

Mama Donatille alisema kikombe cha dirishani alikiweka yeye, hivyo ubushera ataupika yeye. Watatu walikubali, Bwana Ngabo alipinga. Mwenyekiti alisema bado anafikiri. Pendekezo lilipita.

KUMB. NA. 4/2025: KUFUNGA
Mama Donatille alileta ubushera aliokuwa amewapikia wajukuu wake, akamsogezea Mzee Bigirimana kigoda karibu na chungu. Mzee alimeza vidonge mbele ya wajumbe, akatoa ulimi bila kuombwa, akavuta mrija. Baada ya muda alilalamika kwamba anakunywa peke yake. Mwenyekiti alitazama dirishani, akatazama chungu, akatia mrija wake.

Wajumbe walitawanyika saa kumi na moja jioni, wote wakitembea sawasawa.

Melchior, Mwenyekiti ....................
Umuhoza, Katibu ....................