Kilimanjaro ya Felician

Hamida, niko kwenye gari nje ya nyumba ya Felician, huku Maple Grove ughaibuni. Sijui nicheke au nilie.

Ile picha ya mafuta ya karne ya kumi na tisa, aliyokinunulia chama chetu cha Wachaga, ameifunua leo. "Kilimanjaro yetu hii."

Imelda, mwanachama mwenzetu, akamwambia, "Mangi, mlima unakaa hivyo ukiwa Rombo, kwetu."
"Dada, hapo ni Machame, kwetu sisi. Hata huo mto naujua."
Saa nzima. Saa nzima, Hamida.

Na mimi ndiye niliyeikagua kabla haijanunuliwa. Nilipapasa kitambaa, nikahesabu misumari ya fremu, nikathibitisha ni ya zamani kweli. Mlima wenyewe sikuuangalia.

Leo ndipo nimeona ng'ombe wana kengele shingoni. Nikaigeuza taratibu, nikapangusa vumbi. Nyuma pameandikwa Uswisi, 1868.

Nikawaonyesha.

Kisha Imelda akasema, "Basi mchoraji alikosea jina."
Felician akakubali. Hawajawahi kukubaliana tangu chama kianze.

Sasa wananisubiri niyafute hayo maandishi, maana mimi ndiye mtaalamu. Nimetoka kutafuta tambara.

Na nikiikumbuka vizuri, Hamida, hata mimi naanza kuiona Machame.